Mzizi wa Kichina wa Bi Hamdiya

Harub aliziba pua, akapiga funda la kwanza la mzizi uliochemshwa. Chungu kama shubiri.

“Malizia, baba Balqis,” alisema mkewe, Bi Hamdiya. “Nikikuona wewe umeweza, na mie nitaweza.”

Akamaliza. Huyu ni mtu aliyewahi kukaa na jino bovu miezi minne kwa kuogopa kidonge. Sasa ilikuwa siku ya arubaini anakunywa dawa za mkewe, tena kwa hiari, na halalamiki ila mara mbili kwa siku.

Afanyeje? Wote wawili walipimwa damu, na binti yao Balqis ndiye aliyekwenda kuchukua majibu. Alirudi nyumbani Bawshar macho mekundu, akamvuta baba yake pembeni.

“Ni saratani, baba. Mama anayo. Lakini asiambiwe, ataanguka kwa khofu.”

Daktari Taghreed, aliyewapima, alikubali asiambiwe. Kuhusu ule mzizi, unaoitwa kushen, hakuwapambia maneno. Maabarani kiini chake kimeonekana kuiweka sawa kinga ya mwili na kuzidhoofisha seli za saratani. Kwa binadamu ushahidi bado mdogo. Unywewe kidogo tu, na vidonge vya hospitali visikose hata siku moja.

Kwa hiyo Bi Hamdiya aliambiwa vidonge ni vitamini za uzee. Akashikilia wanywe pamoja, mumewe vidonge vyeupe, yeye vya njano. Harub hakubisha. Mgonjwa habishiwi.

Siri aliitunza kama amana. Suruali zilimpwaya kwa mawazo, akaongeza tundu kwenye mkanda. Mkewe, alhamdulillahi, alikuwa akinawiri. Hata hivyo Harub aliogopa. Miaka thelathini na nane hajawahi kujipikia hata chai, lakini si hilo lililokuwa likimliza kwenye sijda. Alimpenda.

“Nnakuona unakonda,” alisema Bi Hamdiya, kikombe chake bado mkononi.

“Joto hilo,” alijibu Harub. “Wewe kunywa dawa yako.”

Akachukua funguo, akaenda kununua mkate.

Bi Hamdiya alingoja mpaka gari likatoka. Kisha akakimwaga kikombe chake kwenye sinki, akampigia simu Daktari Taghreed.

“Kanywa vyote, daktari,” alisema. “Bado anadhani mgonjwa ni mie.”