Nailoni ya Jiko Jipya

"Usiguse hiyo nailoni, Mama Hanifa! Mteja anataka akute jiko jipya," mumewe alifoka, huku akifuta kioo cha oveni kwa mkono wa shati.

Mama Hanifa alisimama kati ya jiko la gesi, friji ya milango miwili na sinki linalong'aa. Miaka yote katika nyumba hii ya Mbeya alipikia mkaa uani, baridi ikimtafuna miguu, na kila akiomba jiko aliambiwa asubiri. Sasa mume kashikwa na hamu ya kwenda kuchimba dhahabu Chunya, nyumba inauzwa, na dalali kasema jiko zuri linapandisha bei. Basi likapatikana kwa siku moja!

"Kumbe anayestahili ni mgeni," alisema.

"Usianze, mwenzangu. Wako njiani."

Mama Hanifa alishika kwa kucha ncha ya nailoni iliyofunika jiko, akaivuta. Ikabanduka kwa mlio mrefu, mpaka mwisho. Akawasha moto, akabandika sufuria ya maharage makavu.

"Hodi!" Dalali aliita mlangoni, mteja nyuma yake.

"Zima, nakuomba, zima!" mumewe alinong'ona.

Mama Hanifa akafunua sufuria, akaongeza maji.