Kitambaa cha Ndani

Shomari aliweka shati lake jeupe mezani kwa Bi Kidawa, fundi yule yule aliyelipanua mara tatu mwaka uliopita.

"Limekuwa kubwa, fundi. Nipunguzie."

Bi Kidawa akamtazama. Macho ya Shomari hayakuwa ya njano tena, lakini kifua kilichokuwa kikijaza mlango nacho kilikuwa kimekwenda.

"Daktari alisemaje?"

"Nivisahau vile vidonge vya kutunisha misuli. Anasema vilibuniwa zamani kwa wagonjwa waliokonda, wapate nyama. Wakavifanya vigumu ili ini lisivivunje haraka. Kumbe ini langu linapigana navyo kila siku, mimi nimesimama kwenye kioo najisifu."

Akacheka. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeuzunguka mkono wa kushoto juu ya kiwiko, mahali ambapo zamani havikukaribiana hata kidogo. Sasa vilibakiza nafasi ya punje ya mchele tu vigusane. Aliwakumbuka watu wa sokoni waliokuwa wakimpisha njia bila kuombwa.

Bi Kidawa akampima, akaandika namba kwa chaki bila kuitaja. Kisha akachukua mkasi.

"Usikikate!" Shomari akasema, halafu akashusha sauti. "Kitambaa kinachozidi, kikunje tu kwa ndani."

"Kitakukera, mwanangu. Na joto hili."

"Najua."

Bi Kidawa akauweka mkasi chini. Akakunja kitambaa, akaanza kushona kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ile inayofumuka yote ukivuta uzi mmoja.