Msiba Ng'ambo ya Reli

Mfuko hulipa pensheni milele, kwa mwekezaji na kwa wanawe, mradi tu nyumba yake isimlilie. Baba alipostaafu aliweka humo kiinua mgongo chake chote, na alipofariki tulimzika kimya, bila turubai wala matanga. Huu ni mwaka wa tatu. Fedha huingia kila tarehe mosi, ada za wanangu zinalipwa, na kijisanduku cha Mfuko kilichopo ukutani hutusikiliza na kuitikia kwa sauti ya Baba.

Jioni Mama alirudi, macho yamevimba, kanga imelowa kifuani.

"Shikamoo, Mama. Ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Msibani, ng'ambo ya reli."

"Kafiwa nani?"

"Sikuuliza, mwanangu. Nilikuta watu wanalia, nikaketi nao mkekani."

Alinawa uso, akapakua wali, akaweka na sahani ya Baba kama kawaida.

"Karibu chakula, Baba Mwanaidi," aliuambia ukuta.

"Ahsante, mke wangu," ukuta ukajibu.

Tulikula. Nilipokuwa nakusanya vyombo nilimwinamia Mama sikioni, nikamnong'oneza, "Kesho ukisikia kuna msiba popote, usiniache."