Mchanga Karibu na Maziwa

"Matope kwenye friji, karibu na maziwa ya mwanangu! Una akili kweli?" dada alimfokea mdogo wake.

"Matope gani? Ni mchanga wenye mbegu za yale maua ya marehemu mama, yale yenye vimkia! Hazijabaki nyingine. Zinataka baridi wiki sita ndipo ziote!"

"Wiki sita! Wewe umewahi kutulia wapi wiki sita? Nimeshamwaga kwenye sinki."

Begi la safari begani, basi linakaribia kuondoka, yule mdogo akang'oa kichujio cha sinki. Mbegu tatu zilikuwa zimenasa, nyeusi, zinang'aa kama vichwa vya sisimizi.

Akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akamwekea dada kiganjani.

Dada akafumba kiganja. Akafungua friji, akasogeza maziwa.

"Wiki sita, dada."

Akatoka na begi lake, akafunga mlango.