Benchi la Nyuma

Mwaka wa saba sasa Raheli alikuwa akikaa peke yake kwenye benchi la nyuma, mahali pa waliotengwa na meza ya Bwana. Alikuwa amemzushia wifi yake Damari uchawi, mji mzima ukamwogopa mwanamke wa watu. Jumapili hiyo Damari aliinuka kutoka mbele, akaja akaketi kando yake.

“Wifi, umepotea? Huku ni kwetu tuliotengwa.”

“Najua. Nimetaka tu kujua, ukiwa huku unaona nini?”

Raheli alimtazama, asijue kama anasutwa. “Nguzo. Inaziba yote. Mchungaji akimega mkate, naona mkono wake basi.”

Damari aliinamisha kichwa, akachungulia. Kweli, nguzo tupu.

“Na miaka yote hii umekuwa ukija kutazama mkono?”

“Ningetazama nini kingine?”

Damari alimsogelea. “Jana nilikwenda kwa mchungaji,” akanong’ona. “Nikamwambia yetu yamekwisha.”

Raheli aligeukia mbele upesi. Pembeni ya nguzo mkono ulikuwa umeshatokea, hauna mkate, kiganja wazi kuelekea nyuma, unangoja.