Chumvi ya Kuomba

Siku hizi hakuna jiko linaloishiwa kitu. Kabati lenyewe huagiza, na droni hutua mlangoni kabla maji hayajachemka. Ndiyo maana Mama Nasma alipomwaga kwa makusudi chumvi yake yote kwenye sinki, moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi. Alimbeba mwanawe mgongoni, akachukua kikombe, akakimbilia mlango wa jirani.

"Hodi, Bi Hidaya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," kilijibu kispika cha mlangoni. "Kuna msiba?"

"Hapana. Naomba chumvi kidogo tu."

Kisha kikasikika kicheko cha mtu aliyekaa siku nyingi bila kucheka. "Chumvi! Wee mtoto wewe. Ngoja nijifunge kanga nije."

Lakini droni ilikuwa imeshatua nyuma yake.

"Ah. Naona yako imefika," alisema Bi Hidaya taratibu. "Haya, mama. Kapike."

Mlango haukufunguliwa.

Kesho yake, akiwa ananyonyesha, Mama Nasma alisikia maji yakimwagika muda mrefu kwenye sinki la Bi Hidaya. Aliinuka na mtoto kifuani, akaufungua mlango wake wazi kabisa, akasimama kusubiri hodi.

Droni ikapita mbele yake kuelekea mlango wa Bi Hidaya, imebeba pakiti ya chumvi.