Mzabibu Chini ya Saruji

Nililala kwa dada yangu usiku mmoja tu. Asubuhi nikarudi na hamu ya kufukua mzabibu wangu, maana kila vuli naushusha ukutani na kuufukia, baridi isiuue, na sasa baridi imekwisha.

Nikakuta ua mzima umemwagwa saruji. Ukutani yananing'inia majani ya plastiki!

"Ukuta ulikuwa mtupu, mama," mwanangu Firdavs, aliyerudi juzi kutoka kazini Moscow, akasema, kajaa tabasamu. "Haya hayataki hata maji."

"Mtupu? Umezaliwa hapa Khujand, akili umeiacha Moscow? Mzabibu wa baba yako umelala humo chini, mzima!"

"Haki ya Mungu, nilisahau. Basi tena, mama."

"Basi tena?"

Nikachomeka kidole kwenye saruji. Kikazama mpaka kwenye pete.

Nikachukua koleo, nikaingia na viatu vyangu vya sikukuu.